Moshi wa Bibi Yunisi

Tunduma, 9 Agosti 1997

Kwa mpwa wangu Jenista,

Salamu zikukute hapo Ibaba ukiwa na nguvu za kushika jembe, wewe na mumeo na watoto wote. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima kama gari jipya lililoshushwa jana, wasiwasi wangu ni juu yenu na hiyo baridi inayopasua midomo.

Jenista, habari za mama yangu zimenifikia. Lusubilo wa lori la viazi ameniambia kwamba mama aliteleza kisimani akaumia nyonga, sasa anatembea na fimbo, na bado analala peke yake kule kilimani kama mlinzi wa shamba la mahindi. Nilipoambiwa nilikuwa upande wa Zambia, Nakonde, nakunywa chai na mkubwa wa forodha, yule ambaye asubuhi hagongi mhuri wowote kabla sijamwambia "mulishani mukwai", yaani habari za asubuhi kwa Kibemba chao. Kikombe kilinidondoka. Mkubwa akasema, "Bwana Lwitiko, nenda kamchukue mama, geti tutalifunga tukusubiri." Nikamwambia asifunge, watu watalala njaa.

Basi nimeamua. Mama anahamia kwangu. Nyumba yangu hujaifikia lakini nakwambia: vyumba vinne, umeme, bomba uani. Chumba chake kinapata jua la asubuhi. Nitakuja kumchukua mwisho wa Oktoba, na gari dogo, siyo kumrundika juu ya viazi.

Kwa sasa nimempa Lusubilo jiko la mafuta ya taa, la tambi kumi, pamoja na dumu la mafuta. Mama asipulize kuni tena. Mwanamke aliyemzaa Lwitiko hawezi kuzeeka na macho mekundu kama ya mpika pombe. Mwonyeshe kuliwasha. Kefa jirani yenu asiliguse kabisa, mikono yake naijua tangu ilipoiua baiskeli yangu.

Ni mimi mjomba wako,
Lwitiko, ambaye mpaka mzima unamfahamu.


Ibaba, 24 Agosti 1997

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu, tumemaliza kuvuna maharage. Watoto wanakuamkia. Yule mdogo anauliza kama ni kweli ulipigana na chui huku umebeba gunia la chumvi ya Ivuna na chumvi isimwagike hata punje. Nimemwambia akamuulize chui.

Jiko limefika. Kitongoji kizima kilipanda kuja kuliona. Bibi alilifuta kwa ncha ya kitenge, akasema, "Lwitiko kanikumbuka." Kesho yake alfajiri akaliwasha, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Umekaa mpakani miaka mingi, labda umesahau. Sisi huku tunaamkiana kwa moshi. Mimi nikifungua mlango asubuhi, kabla sijanawa uso, naangalia ng'ambo ya bonde, paa la Bibi. Moshi ukipenya kwenye nyasi najua kaamka, naenda zangu shambani. Kefa naye anaangalia kutoka kule chini kwake, Aida anaangalia akiwa kisimani. Hakuna aliyetupangia zamu, ndivyo tulivyokuta. Sasa jiko lako halitoi moshi, na mimi siku ile nilikuwa nimeteremka Itumba gulioni, sikumwambia mtu kwamba Bibi ataliwasha. Jua likapanda, paa la Bibi kimya. Kefa akapanda kilima mbio na shoka lake. Akaita. Masikio ya Bibi unayajua. Akaupiga mlango shoka, mlango ukalala chini, akamkuta Bibi ameketi anakunywa chai.

"Kefa," Bibi akamwambia, "umekuja kuiba au kuposa?"

"Mama, sikuona moshi!"

"Na mlango, uliuona?"

Mpaka leo tunacheka. Kefa ametengeneza mlango mwingine, mzito kuliko wa kanisa. Na wote tumekubaliana kwamba paa la Bibi likiwa kimya ni jiko, mtu asihangaike.

Kuhusu kuhama, Bibi anasema Tunduma hana kuku wa kumgombeza. Anajipikia, anajifulia, anapalilia bustani yake akiwa ameketi kwenye kigoda. Anasema nyonga ni yake, siyo yenu. Naomba tusimharakishe, Mjomba.

Mpwa wako,
Jenista.


Tunduma, 20 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Amani iwe nyumbani kwako. Mimi sijambo, ila nimechoka kucheka. Nilimsomea barua yako dereva mmoja wa Lubumbashi, mtu mzito wa kilo mia na kitu, akacheka mpaka lori likayumba, na lilikuwa limesimama.

Lakini sasa nisikilize. Waambie hao majirani waache kukodolea macho paa la mama yangu. Mama siyo mnara. Hapa Tunduma mtu akiumwa anapelekwa hospitali kwa gari, hakuna anayengoja kuona moshi. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilishikwa na tumbo, watu walionibeba walikuwa wengi mpaka wakaanza kugombana nani ashike mguu. Ndivyo ninavyoishi. Mama atakuwa katikati ya watu.

Chumba nimeshakipaka chokaa. Kitanda cha chuma kipo. Mwisho wa Oktoba mfungie mzigo wake, kitenge kizuri avae siku ya safari, na hao kuku wagawiwe. Asiache hata mmoja moyoni.

Nimetuma dumu jingine la mafuta. Jiko lisizimwe.

Mjomba wako,
Lwitiko.


Ibaba, 9 Novemba 1997

Mjomba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Hatujasikia neno, na siku ulizosema zimepita.

Mzigo tulifunga. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka akaketi mlangoni, siyo kwa sababu alikubali kuhama, alisema anataka akukatalie usoni, maana kumkatalia mtu kwa barua ni uoga. Alikaa hivyo siku moja, ya pili akavaa tena, ya tatu akavua akaenda kwenye bustani. Mzigo bado umefungwa, anachomoa nguo moja moja.

Ila nakuandikia kwa jambo jingine. Unakumbuka kwamba moto wa Bibi haukuwa unazimika? Huku kiberiti kikipata ukungu ni kama kimelowa, basi alfajiri mtu anachukua kigae cha chungu anakwenda kwa Bibi Yunisi kuomba kaa la moto. Aida alikuwa anakuja, Marta wa kwa mwinjilisti alikuwa anakuja, wengine mpaka wa kitongoji cha pili. Ukija kuomba moto hutoki hivi hivi. Unaketi kidogo, unamchotea maji, unamfungulia kuku, unasimuliwa umbea wa mwaka mzima. Yeye anatoa moto, na mambo mengine yote yanamfuata humo humo. Hakuwa anasaidiwa, Mjomba. Alikuwa anawasaidia watu.

Sasa jiko linawaka, jiko linazimwa, makaa hakuna. Watu hawana cha kwenda kuomba. Aida anasema anaona haya kubisha hodi kwenye nyumba ya jiko la dukani akiwa na kigae mkononi. Juzi nimemkuta Bibi anawaeleza kuku habari za ndoa yangu.

Nikamwambia, "Bibi, weka jiko pembeni, uwashe kuni."

Akanijibu, "Mwanangu kanitumia kitu toka huko aliko, nikiweke pembeni kama chungu kilichopasuka? Mpaka aseme mwenyewe."

Basi nakuomba useme. Neno moja tu: mama, washa kuni. Nitamsomea. Mvua zimeanza na zimeanza vibaya, Lusubilo anasema daraja la chini linatikisika. Jibu kabla barabara haijafunga.

Mpwa wako,
Jenista.


Tunduma, 14 Desemba 1997

Jenista mpwa wangu,

Salamu za Krismasi ziwatangulie. Mimi nipo, nguvu zipo, kikohozi kidogo tu cha hii mvua wanayoiita Elinino. Hapa imenyesha mpaka kambale nilimkuta amesimama kwenye foleni ya forodha. Nilimpitisha bila kumwuliza hati.

Oktoba sikuja kwa sababu gari lilikuwa tayari, dereva tayari, mimi nimevaa koti, mara mkubwa akanishika mkono, akasema mpaka hauwezi kukaa bila mimi wiki ile. Kuna mambo ya serikali mbili siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Mama ataelewa.

Hilo la jiko sikubali. Niseme mwenyewe kwamba mama arudi kupuliza magogo mabichi? Watu wa pale Mpemba, dukani ninapochukua barua zenu, watasemaje, wale ninaowasimulia kwamba mama yangu anapika kwa tambi kumi? Hao waomba makaa wanunue kiberiti wakifunge kwenye nailoni. Nimekwenda mbali ili mama asiishi kama walivyoishi wengine. Kama ni upweke, si ndiyo maana nasema aje? Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Ukikohoa chumba hiki, kikohozi kinakujibu cha pili.

Januari, mvua isimame isisimame, nakuja. Nimevuka mito mikubwa kuliko huo wenu nikiwa nimembeba ng'ombe.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Lwitiko.


Ibaba, 1 Februari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Ukiwa mzima tunashukuru.

Barua hii nampa mchungaji, anateremka kwa miguu, barabara imekatika sehemu nyingi na lori halijafika tangu Krismasi.

Bibi ameanguka tena. Alikuwa anainuka kitandani kwenda kuwasha jiko, fimbo ikateleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni. Hakuweza kuinuka. Alilala pale chini asubuhi hiyo, na mchana, na usiku wake wote na hii mvua. Mimi asubuhi nilifungua mlango, nikaangalia paa, sikuona moshi, nikasema ni jiko, nikaenda zangu kupalilia. Kefa naye alisema ni jiko. Aida alisema ni jiko. Kesho yake ndipo Aida aliposikia kuku wanapiga kelele ndani hawajafunguliwa. Mlango wa Kefa ulituchelewesha, ule mzito. Kefa aliuvunja huku analia.

Yu hai. Alikuwa amejivutia gunia la maharage akajifunika. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Leo hamkuwa na haraka."

Mifupa haikuvunjika, ndivyo alivyosema mganga wa zahanati, ila amekonda akawa mwepesi. Tumepanga zamu, kila usiku mtu mmoja analala naye. Na hilo ndilo linalommaliza. Anasema, "Sasa nalindwa kama mfungwa, hata kujikuna naulizwa kulikoni." Mume wangu amesema tumhamishie kwetu. Bibi amegeukia ukutani. Nimemwambia basi tuwashe kuni, uishi kama zamani, watu waje wenyewe. Anasema Lwitiko hajasema.

Sina maneno mengine matamu, Mjomba. Wewe kila mwezi unakuja. Usije. Sema tu.

Jenista.


Ibaba, 22 Machi 1998

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Barua ile niliiandika kwa hasira. Kama imekuumiza nisamehe, lakini nijibu, hata kwa kunitukana.

Mchungaji anasema aliikabidhi Mpemba kwenye duka lile mnalopokelea barua, na aliyepita juzi anasema bado ipo pale kwenye kopo la kalamu, hujaja kuichukua. Wewe, Mjomba, ambaye hukosi kupita pale kusimulia. Nilipomwambia Bibi, aliinuka akaketi. Tangu Januari hajaketi bila kuinuliwa.

"Lwitiko akiwa amekasirika anasema," akaniambia. "Akiwa na furaha anasema. Akiwa amekosea ndiyo anasema zaidi. Toka mtoto sijawahi kumsikia kimya. Mtoto huyu hajatoa moshi. Nani anamwangalia huko?"

Nikasema, "Bibi, ana watu wengi, wanagombania kumbeba."

Akaniagiza nimwite Kefa.

Barabara imefunguka jana na lori la kwanza linashuka leo. Lusubilo anasema kwako hajawahi kufika, siku zote mnakutana Mpemba barabarani, lakini atatafuta mpaka aone. Kefa anapanda naye. Amekataa kuacha shoka nyumbani.

Bibi amekutumia mzigo wa kuni, za mti mkavu wa nyuma ya nyumba, Kefa amezipasua zote. Nilimwambia mtu mwenye umeme kuni azifanyie nini. Akasema zipakie.

Mpwa wako,
Jenista.


Tunduma, 18 Aprili 1998

Mpwa wangu Jenista, na wewe mama yangu utakayesomewa,

Shikamoo mama. Mimi ni mzima. Nasema ni mzima, na atakayewaambia vingine ni mwongo, hasa Kefa.

Nieleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Ilinishika homa, siyo homa hii ya watoto, homa kubwa, ya kuua nyati wawili. Daktari aliyeipima kipimo kikapasuka. Mtu mwingine angekufa siku ile ile. Mimi nikaamua kupumzika kidogo. Nikajilaza chumbani, mlango nimefunga ili nisisumbuliwe na wageni, maana wageni wangu mnawajua wingi wao. Ikatokea siku zile wote walikuwa wamesafiri. Maji yalikuwa kwenye ndoo, ndoo ikaisha, nikasema nitainuka kesho. Nikasema hivyo mara kadhaa.

Ndipo nikasikia mtu anaita kwa Kindali chetu cha nyumbani, hapa mpakani, katikati ya honi za malori. Nikadhani nimeshafika kwa marehemu baba. Mlango ukaanguka. Kefa kasimama na shoka, machozi yanamtoka, ananiuliza, "Lwitiko, mbona hukutoa moshi?" Na mimi nikamjibu kiume, nikamwambia, "Umekuja kuiba au kuposa?" Mama, neno lako hilo. Sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe.

Huo mlango ataulipia.

Walinibeba mpaka hospitali, Lusubilo kichwani, Kefa miguuni. Watu wawili tu, lakini walitosha. Niliporudi, hapa uani kwangu (vile vyumba vingine nimewapangisha watu, nyumba kubwa inataka sauti) nikakuta umeme umekatika, wamesema nguzo imeanguka. Mkaa umelowa mjini kote. Mimi nina kuni kavu za Ibaba! Nikakoka moto mbele ya mlango, nikaketi na blanketi kama chifu. Moshi ukapanda. Kidogo jirani wa mlango wa pili akaja, mama mmoja Mbemba anaitwa BanaMulenga, tumeishi ukuta mmoja miaka mingi na hatujawahi kusemezana zaidi ya "mulishani". Ameshika mfuniko wa sufuria. Anaomba kaa la moto. Akaketi. Akauliza kikohozi hiki nimekitoa wapi. Akarudi na uji. Baada yake akaja fundi cherehani wa kule nyuma, na mke wa mlinzi, na huyo mtoto wao asiyenyamaza. Nikawasimulia habari za chui. Hawakuwa wamezisikia hata mara moja, Jenista! Miaka yote hiyo, ukuta mmoja!

Umeme umerudi wiki jana. Moto sijauzima. BanaMulenga asubuhi asipouona ananigongea ukuta kwa mwiko, nami nagonga. Akigonga sana nanuna. Lakini nagonga.

Sasa mama, nisikilize, nasema kwa kinywa changu mwenyewe na mashahidi ni watu wa nchi mbili. Washa kuni. Lile jiko toa, kuku watage humo, au mpe Kefa alivunje akipenda. Hakuna atakayekuhamisha hapo kilimani, si Jenista, si mume wake, si mimi. Chumba nilichokupakia chokaa atalala mgeni mwingine. Wanaolala kwako kwa zamu warudi kwa waume zao. Anayetaka kukuona aje na kigae.

Barua ya Februari nimeisoma. Nimeisoma hapa kwenye moto. Nimesikia.

Nitakuja mvua zikikatika, juu ya viazi.

Mwanao, na mjomba wako,
Lwitiko.


Ibaba, 10 Mei 1998

Mjomba, shikamoo.

Nimefungua mlango leo asubuhi kabla sijanawa. Ukungu ulikuwa umejaa bonde zima, na juu yake paa la Bibi peke yake, moshi unatoka kwenye nyasi pande zote kama nyumba inataka kuruka. Nimesimama tu. Ng'ambo nikamsikia Aida anapiga kigelegele akiwa kisimani, na Kefa anakohoa kule chini kusudi tujue naye ameona.

Nilipopanda nilikuta vigae vitatu mlangoni, wenyewe wako ndani. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anachagua kaa la kumpa kila mmoja, na kumwambia Marta ameachwa nyuma kwa habari za tangu Agosti. Usiku sasa analala peke yake. Mzigo wa safari ameufungua wote. Kuku mwekundu anatamia mayai tisa ndani ya jiko lako, na Bibi anawaambia wageni, "Hilo mwanangu alinitumia toka mpakani," halafu anawataka waseme kama wamewahi kuona kiota cha tambi kumi.

Lusubilo ametusimulia alivyokutafuta. Aliuliza nyumba ya vyumba vinne ya Bwana Lwitiko mpaka jua likainama, hakuna aliyeijua. Kisha akauliza yule mtu wa habari za chui, akaelekezwa na mwuza karanga. Bibi alimkatiza hapo hapo. Alisema mambo ya vyumba hayamhusu, yeye anataka kujua kama kuni zilikuwa kavu.

Anakungoja mvua zikikatika. Safari hii hajavaa kitenge, anasema utamkuta alivyo.

Na amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie aendelee kudanganya, namsikia vizuri. Lakini likipita lori la Lusubilo mara mbili halina barua yake, Kefa anashuka."

Ameshalinoa shoka, Mjomba. Nimeliona.

Mpwa wako,
Jenista.